Balozi wa Nyumba Kumi wa Newburg

Mwaka niliosoma historia chuoni, mwalimu alitusimulia habari za afisa mmoja wa China ya wafalme. Alikuwa msomi wa Konfusio, aliyefaulu mitihani kwa kukariri maneno ya maadili, kisha akapelekwa kutawala wilaya iliyojaa majambazi. Hakuhubiri. Alizipanga nyumba kumi kumi, kila mlango ukabandikwa karatasi yenye majina ya wote wanaolala ndani, na nyumba moja ikificha mgeni, zote kumi zinaadhibiwa. Wenzangu darasani walimsifu. Mimi nilinusa ujasusi, maana mtu wa namna hiyo nilikuwa nimepakana naye ukuta kwa ukuta.

Jirani yangu, mzee Mrundi kama mimi, alikuwa kiongozi wa mtaa wetu kambini Tanzania. Tulimwita balozi, yaani mkuu wa nyumba kumi, cheo tulichokiazima kwa vijiji vya jirani, na hapa Louisville, Marekani, alijirudishia cheo hicho bila kuchaguliwa na mtu. Akawa anapita na daftari katika jengo letu la Newburg, akiuliza kila mlango mko wangapi.

Kwangu, namba saba, tulikuwa watano. Mkataba wa nyumba ulisema wanne. Wa tano alikuwa dada yangu, aliyetoka mji wa Buffalo ndoa yake ilipovunjika. Alifanya kazi ghalani usiku, mchana analala. Ofisi ya jengo ikijua, tunafukuzwa.

"Wanne, mzee," nilimwambia.

"Wanne." Akaandika taratibu mno. "Balozi si mpelelezi, mwanangu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa macho."

Tangu hapo nikawa namchunga. Siku moja nilimwona kwenye maegesho na meneja wa jengo, wanacheka. Wanacheka nini? Nilimkataza dada kufungua pazia.

Kisha mchana mmoja nilirudi kutoka kazini nikakuta magari ya zimamoto. Gesi ilikuwa inavuja, watu wote wako nje. Dada hayupo. Askari wa zimamoto aliniuliza kama kuna mtu wangu ndani, na meneja alikuwa amesimama kando yake. Nikamwangalia meneja. Nilijiambia labda amekwenda dukani, nikatazama barabara, na muda ukapita.

"Namba saba watu watano!" mzee alipaza sauti kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Mmoja amelala!"

Walimtoa dada akiyumba, anatapika, lakini mzima. Baadaye mzee alinifungulia daftari lake. "Hapa niliandika ulichoniambia. Hapa niliandika nilichokiona." Yule afisa wa China angempandisha cheo. Mimi nilimchukia, nikamshukuru, yote kwa pamoja.

Barua ya ofisi ilikuja wiki hiyo hiyo: wa tano aondoke. Dada akapata chumba Columbus. Siku ya safari, tukipakia mizigo, aliniuliza, "Kaka, balozi aliposema niko ndani, wewe ulikuwa umeshafika?"

Nikamwambia nilikuwa bado kazini. Mzee, aliyekuwa amembebea sanduku, aliniangalia, kisha akaliingiza garini.