Alama Mbili Nyekundu Kwenye Propela

Kwa miaka kumi na tisa, mwanamke anayeitwa Mama Krosi na mtaa mzima amekuwa akilala chali chini ya magari ya watu. Krosi ni kiungo kidogo chenye ncha nne kwenye miisho ya propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi matairi ya nyuma. Jina alipewa na madereva. Halimkeri.

Alhamisi moja asubuhi, mume wa dada yake aliingia gereji na pikapu ya kusambaza mikate.

"Shemeji, kesho nafukuzwa kazi."

"Umefanya nini?"

"Gari linatetemeka, bosi anasema nalikimbiza. Likitetemeka ni mimi. Mvua isiponyesha, ni mimi pia."

"Na hulikimbizi?"

"Nabeba mikate. Nakimbilia wapi?"

Wakatoka nalo barabarani. Mwendo ulipofika sitini, mvumo ulianza chini ya kiti na sakafu ikatetemeka. Mama Krosi akamwambia atoe gia, aliache gari liende lenyewe. Injini ilinyamaza, mtetemo ukabaki vilevile. Basi injini haikuhusika. Usukani nao ulikuwa umetulia, kwa hiyo hakuwa na ugomvi na matairi ya mbele. Ya nyuma yalikuwa yamesawazishwa mara mbili kwingine.

Waliporudi gereji, aliinua nyuma ya gari kwa jeki, akaweka vigingi vya chuma na kuingia chini. Aliishika propela kwa mikono miwili, akaitikisa. Krosi hazikuchezacheza. Akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza kufuta grisi.

Propela hiyo ina vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno. Kabla ya kuvitenganisha, Mama Krosi hutia kila kimoja tone la rangi ya kucha, kwa sababu chaki huliwa na grisi. Wakati wa kurudisha, matone yanapaswa kutazamana. Yasipotazamana, propela huzunguka kwa kujipinga.

Matone yalikuwepo, mekundu, ya kwake. Yalipishana kwa meno matatu.

Wiki tatu nyuma yeye ndiye aliyebadilisha krosi za gari hilo. Siku hiyo magari matano yalikuwa kwenye foleni, akarudisha propela kwa kukadiria kwa macho.

"Hili nimelifanya mimi," alisema akiwa bado chini.

Shemeji yake aliinama. "Lirekebishe tu. Tumwambie bosi krosi zilichoka."

"Zimechokaje, ni za juzi? Atasema umezichosha wewe."

Kazi ya kulinganisha matone ilichukua dakika arobaini. Walipojaribu tena, gari lilipita sitini, likafika themanini, kimya. Akaosha mikono, akampigia bosi mwenye pikapu na kumweleza yote.

"Kwa hiyo wiki tatu namfokea mtu bure?" aliuliza mwenye gari.

"Ulikuwa unamfokea jirani wa mwenye kosa. Mwenye kosa ni mimi."

"Mwambie kesho aanze saa kumi na moja kama kawaida," alisema. "Wewe nitakutafuta."

Hakumtafuta. Shemeji bado anasambaza mikate. Mwezi uliofuata, pikapu ilifanyiwa matengenezo yake gereji ya ng'ambo ya barabara, na huko ndiko inakopelekwa mpaka leo.