Keki ya Pasaka iliyoungua kwa sababu mimi na mama mkwe tunaheshimiana

Mbukwenyi wakuu, ndiyo salamu ya Wagogo huku Dodoma.

Humu ndani mimi ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma nyuzi za watu, natikisa kichwa, napita. Leo naleta ya kwangu. Sina sababu ya kudanganya, maana ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi ya hii niliyonayo.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi mtu wa Muheza kule Tanga, mtumishi wa umma, nililetwa Dodoma na uhamisho kama wengi wenu mnaolalamikia vumbi huku mnajenga. Nikaoa huku huku, mke wangu ni Mgogo, tunakaa Miyuji.

Mtu wa Tanga akikwambia anajua kupika usibishane naye. Mimi nilikuwa siruhusu hata huo ubishi uanze. Na juzi juzi nikaingia kwenye mambo ya kuoka. Video za keki nimeangalia mpaka simu ikaanza kuniletea matangazo ya aproni.

Sasa kisa chenyewe kinaanzia kwenye keki ya watu wengine.

Mke wangu ana kaka wawili. Mkubwa anaitwa Yona, ana duka la vifaa vya ujenzi, anakaa Chang'ombe. Mdogo wake ni Lameki, mwalimu. Mwaka jana binti wa dada yao mkubwa alifanyiwa send-off. Mnazijua send-off zetu pale kwenye keki. Binti anakata, MC anaita mtu mmoja mmoja aje alishwe. Pale hakuna anayefuata utamu. Ukumbi mzima unaangalia nani kaitwa wa kwanza.

MC, Mungu amsamehe, akamwita mjomba Lameki kabla ya mjomba Yona.

Yona hakupaza sauti. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaenda meza ya mbele na kumbeba ndafu. Ndafu alikuwa kamtoa yeye. Akatoka naye mzimamzima, na majani yake mdomoni, akampakia kwenye pikapu. Nilikuwepo wakuu. Tulimsindikiza yule mbuzi kwa macho mpaka akaishia getini, na wengine tulikuwa hatujala.

Toka siku hiyo Yona na Lameki hawasemeshani.

Mama yao, yaani mama mkwe wangu, alikuwa anaishi kwa Yona. Ilipofika Krismasi bado wamenuniana, akafunga mizigo yake. Akawaambia, "Sitakula kwa mmoja huku mwingine ananitazama. Siku mtakayokula chungu kimoja mje mnichukue." Akahamia kwetu.

Mama mwenye vijana wawili wenye nyumba zao kwenda kukaa kwa mkwe ni aibu kwao. Yeye alijua ni aibu. Ndiyo maana alikuja.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza, maana kwa upande wa mke wangu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana. Na msidhani ni ile heshima ya "shikamoo mama" halafu unapita. Hii ni heshima ya kukimbiana. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkiwa wawili hamsemeshani.

Yeye akiingia sebuleni, mimi natoka. Mimi nikiwa sebuleni, yeye anabaki jikoni. Nikikumbuka mama wa watu kakaa jikoni kwa sababu yangu, naona vibaya, natoka tena. Mwisho nikawa naangalia mpira kwa jirani. Kukaa na singlendi nyumbani kwangu mwenyewe nikasahau.

Akitaka kuniambia jambo na mke wangu hayupo, anamwambia kuku.

Tuna tetea mmoja mwekundu pale uani. Utasikia, "Wewe kuku, bomba la nje linavuja, mwenye nyumba angejua angeliziba." Mimi niko nyuma ya mlango nasikia. Naziba bomba. Kesho yake, "Wewe kuku, naona bomba limepona." Kwa kweli mawasiliano yalikuwa mazuri kuliko ya ofisini kwetu, ambako kila mtu ana simu ya mezani.

Pasaka ilipokaribia mke wangu akaniambia tuwaalike kaka zake wote wawili. Alianza kwa utani, akamalizia analia. "Mama ana presha, na umri umekwenda. Akifa hawa hawasemeshani, watasimama kaburini kila mtu upande wake. Mimi sitaweza kuliangalia hilo."

Nikamwambia, "Niachie mimi. Nitaoka keki."

Akafuta machozi, akaniangalia. "Baba Jose, hawa watu waligombana kwa ajili ya keki."

"Ndiyo maana," nikamjibu. "Kilichoharibika kwa keki kitatengenezwa kwa keki." Nilijiona nimesema neno zito. Ningekuwa mbunge ningepigiwa meza.

Tatizo la nani alishwe kwanza nililimaliza kitaalamu. Nitawalisha wote kwa mpigo, kijiko mkono wa kulia na kijiko mkono wa kushoto. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu alinikuta nalisha kioo, akafunga mlango taratibu.

Pasaka ikafika. Mke wangu na mtoto wakaenda ibadani asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshasali mkesha, nikabaki kuoka. Mama mkwe naye alibaki, miguu ilikuwa inamsumbua.

Unga nimeshachanganya, nimeshatia kwenye oven, nimeshapiga picha. Umeme ukakatika.

Sikutetereka. Muheza mama yangu ameoka keki za sikukuu zote kwa mkaa. Unaweka mchanga kwenye sufuria kubwa, unatumbukiza chombo cha keki, unafunika, unapanga mkaa juu ya mfuniko na moto kidogo chini. Nikaliweka jiko uani, kwenye banda la kupikia, nikaingia ndani kidogo kukata zabibu za kupambia. Msimu wake ulikuwa haujaisha.

Narudi kuangalia moto, mama mkwe yuko bandani. Kakaa na ungo wake, anachambua majani ya mlenda.

Nikarudi nyuma. Heshima.

Nikajibanza pembeni ya ukuta nimsubiri amalize. Nikamsikia, "Wewe kuku, huu mkaa wa juu umezidi."

Ujumbe umefika. Lakini ili nikaupunguze huo mkaa lazima yeye atoke. Na yeye, akishasema, alikuwa ananisubiri mimi nije. Tukakaa hivyo, mimi nyuma ya ukuta, yeye bandani, keki katikati.

Nikakohoa kumjulisha kwamba nimesikia. Alipokisikia kikohozi akajua naomba njia, akanyanyuka haraka anipishe. Akanipishia upande niliosimama mimi! Nikatoka mbio kuzunguka nyumba kupitia mbele ili tusikutane uso kwa uso. Nafika bandani kwa upande wa pili nahema, namkuta karudi. Alikuwa kasahau ungo.

Nikageuka.

"Wewe kuku," safari hii kwa ukali, "kuna kitu kinaungua hapa!"

Wakuu, ile nyumba tumeizunguka. Yeye na miguu yake mibovu, mimi na aproni yangu, kila mmoja anamkimbia mwenzake kwa adabu kubwa. Keki yangu iliteketea katikati ya watu wawili wazima wenye akili zao, wote wanajua inateketea, na hakuna aliyekosea kitu. Kuku peke yake ndiye aliyekuwa na taarifa kamili, na ndiye pekee asiyekuwa na mikono.

Nilipokuja kufunua, juu ilikuwa nyeusi. Nikaitikisa, katikati ikacheza. Yaani imeungua na ni mbichi. Sijui kama kuna chuo kinachofundisha hiyo.

Muda wa kuoka nyingine sikuwa nao. Nikakwangua weusi kwa kisu, nikaimwagia cream, nikapanga zabibu juu. Kwa nje ilikuwa keki ya kumtambulishia mkwe wa pili. Nikaiweka status, watu wakanipa makopa mengi. Hapo ndipo nilipoanza kutoamini makopa ya watu.

Mashemeji wakaja mchana, na umeme ndiyo ukarudi nao. Yona akakaa kichwani mwa meza, Lameki akavuta kiti mpaka kichwa cha upande wa pili. Mama mkwe, kwa sababu mimi nipo mezani, alikaa jikoni na mlango umerudishwa nusu. Mke wangu akaleta pilau, kuku wa dukani (yule wetu msimuulize, ni mjumbe), ugali na mlenda wa mama.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Yona akasema, "Shemeji, mwambie mwalimu asogeze kiti, ananizibia feni."

Mwalimu yuko pale pale. "Shemeji, mwambie mwenye mbuzi feni ni ya wote."

Nikawa napeleka ujumbe na kurudisha. Nikaelewa sasa maisha ya yule kuku.

Pilau likaanza kupoa. Yona akaangalia saa, akashika funguo za gari. Nikamwona mke wangu kasimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kichwani. Nyuma yake, kwenye ule uwazi, niliona kipande cha kitenge cha mama kimetulia tuli. Nilijua Yona akitoka hapo hatarudi, na yule mama atazeeka jikoni kwangu akisubiri wanawe. Moyo uliniuma, nisiwafiche.

Nikaona hakuna cha kungoja. Nikaileta keki kabla ya chakula.

Nikakata vipande viwili sawa kabisa. Nikasimama katikati, nikawaomba wasogee. Nadhani walisogea kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana anaogopa keki. Vijiko viwili, midomo miwili, kwa mpigo. Mazoezi yalilipa.

Wakatafuna.

Yona akaacha kutafuna. Lameki akaacha kutafuna. Yona akamwangalia Lameki. Lameki akamwangalia Yona. Mara ya kwanza toka send-off.

"Lameki," Yona akasema, mdomo umejaa, "na ya kwako iko hivi?"

"Kaka," Lameki akajibu, machozi yanamlengalenga, "nilidhani ni ya kwangu tu."

Jamani. Walicheka wale watu mpaka Yona akashika meza. Lameki akaitemea kwenye kitambaa changu kipya. Wanaanza kutulia, mmoja anaitazama keki, wanaanza upya. Lameki akasema, "Inanikumbusha yale makande." Kumbe utotoni waliachiwa chungu cha makande wakilinde, wakaenda kutega ndege, kikaungua chote.

Sauti ikatoka jikoni, "Na mlimsingizia mbuzi!"

Mama mkwe. Na mimi nipo pale pale mezani. Alisahau mila nzima, anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, na nilikuwa nimekaa naye nyumba moja miezi yote hiyo.

Wakaomba ugali wa mama. Wakavuta viti, wakala mlenda bakuli moja, wanasukumana vidole kama watoto. Pilau langu la Kitanga halikuguswa na mtu. Mke wangu alikwenda kulia bafuni, safari hii kwa raha.

Jumatatu ya Pasaka pikapu ikaja kumchukua mama. Yona na Lameki wakagombania begi, kila mmoja anataka kulibeba yeye. Nikashtuka kidogo, lakini walikuwa wanataniana.

Mimi nilisimama mbali, nimeinama, kama inavyotakiwa. Mama alipofika uani akasimama. Akamtafuta kuku.

"Wewe kuku," akasema, "mwambie mwenye nyumba Krismasi tutakuja wote. Aoke. Na asibadilishe kitu."

Nikakohoa. Nikasema, "Kuku, mwambie mama nimesikia. Mwambie shikamoo."

"Marahaba," akajibu, anaangalia ukuta.

Basi wakuu, sebule nimerudishiwa. Nakaa na singlendi, naangalia mpira mpaka nachoka. Lakini nyumba imepooza. Juzi bomba la nje limeanza tena kuvuja, na nimejikuta nimesimama nyuma ya mlango, nasubiri kuambiwa.

Nilichojifunza ni kwamba watu wengi hawahitaji chakula kizuri ili wapatane. Wanahitaji kitu kibaya wakisikitikie pamoja. Pia punguza mkaa wa juu.

Wenye wakwe na wenye majiko ya mkaa, uwanja wenu. Mlioko Miyuji mliosikia nikizunguka nyumba siku ile, naomba msitaje majina.

NYONGEZA: Naona mnaomba recipe. Sitoi, ni mali ya familia sasa. Na anayeuliza kama yule kuku ataliwa Krismasi, nikikujua nakublock.