Kipande cha Jerikeni Mlangoni pa Mfereji

Jirani yangu hapa Bwera anatengeneza baiskeli, na kila anapofungua kopo lake la grisi, mimi hukasirika. Yeye hana kosa, maskini. Ni ile harufu. Ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya mama, na ikinifikia nakumbuka jinsi nilivyokuwa mtoto mjinga aliyejiona ana akili nyingi. Mnivumilie nikieleza, maana hadithi hii sijawahi kuitoa yote.

Mama alikuwa mtunza mlango wa mfereji kule tambarare ya Kasese, pale mto unaposhuka kutoka milimani na maji yake kugawiwa mashambani. Mlango ulikuwa bamba zito la chuma, na juu yake gurudumu la kuzungusha kwa mikono, alilolipaka grisi kila mara. Mto ukijaa aliushusha, mawe na tope visiingie kwenye vitunguu vya watu, ukitulia aliupandisha. Kabla ya kugusa gurudumu alivua viatu, akasimama juu ya jiwe moja kubwa la ukingoni, akatulia. Alisema mawe yakianza kubingirika huko juu, nyayo hujua kabla ya macho. Nilijaribu mara nyingi, nikaambulia baridi tu. Jioni alijiwekea kitambaa cha maji moto begani, akajikanda huku akiguna, nami nikilalamika kwamba chakula kinachelewa.

Watu walimwita Mama Masika, kwa jina langu, kwa hiyo nilijiona kama ni mimi ninayewafungulia maji. Sikumsalimia mtoto yeyote wa mkulima kwa unyenyekevu.

Nilipokuwa darasa la tano, katika ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, ofisi ya maji ikaleta mashine. Alikuja fundi kijana na sola, injini ndogo, na kitu cheusi alichokifunga kwenye mlingoti juu ya mto. Tulikiita jicho. Akatuita tuone: aliweka kiganja chini ya jicho, na mlango ukashuka wenyewe, taratibu, kwa sababu jicho lilidhani maji yamepanda. Watu wakapiga makofi. Gurudumu likang'olewa na kupakiwa kwenye gari, likaenda zake mjini. Mwenyekiti wa wakulima akasema mama abaki kwanza, mpaka mwisho wa msimu, waone kama mashine itahitaji mtu.

Kilichonichoma zaidi ni mama mwenyewe. Alimshikia fundi bisibisi, akamuuliza maswali, akacheka naye. Mtu amekuja kukunyang'anya kazi, nawe unampikia chai! Nilinuna siku nyingi, na hakuna aliyeshughulika na mnuno wangu.

Basi mama akaenda Kyarumba kwenye msiba wa ndugu yake, akaniacha kwa shangazi. Mchana uleule nilipotoka shule nilikata kipande cha jerikeni kuukuu, nikapanda mlingotini, nikakifunga chini ya jicho kwa kamba ya mgomba. Mlango ukashuka. Niliona nimemaliza kazi. Nilidhani watu wakikosa maji watamlilia Mama Masika, na gurudumu litarudi.

Siku tatu mfereji ulikauka. Wakulima waliona kwa macho yao mto umepungua mpaka kokoto zinaonekana, wakapiga simu ofisini, na ofisi ikawajibu kwamba mto umejaa, mashine inasema hivyo, wasubiri upungue. Walisubiri! Watu wazima, wamesimama kando ya mto mtupu, wanasubiri upungue. Hakuna aliyeinua kichwa kutazama mlingotini, maana mashine haikosei. Miche ya vitunguu ikalala, ya kwetu pia. Nilitaka kusema, nikaishia kumsaidia shangazi kuchota maji mtoni.

Mama aliporudi, mlangoni palikuwa na umati, fundi, na askari mmoja. Fundi alikuwa ameshika kipande cha jerikeni, kamba ikining'inia. Askari akauliza nani amefanya, akaanza kututazama sisi watoto mmoja mmoja. Mama akakitazama kile kipande. Kwenye kamba palikuwa na fundo la kuzungusha mara mbili na kupenyeza ncha chini, lile alilonifundisha mwenyewe kufungia kuni. Akanitupia jicho mara moja tu.

“Ni mimi, afande,” akasema. “Nilifunga hiyo kitu asubuhi mbele ya kwenda msiba. Watoto hawajui kitu, waache waende.”

Hawakumfunga. Mwenyekiti aliomba sana, ikaishia kwa kumfukuza kazi palepale, mbele ya watu aliowafungulia maji miaka yote. Wengine walimtemea mate chini. Mwezi uliofuata tulihamia huku Bwera kwa bibi, na mama hakuniuliza neno. Afadhali angenichapa.

Nilikuwa nimeshamaliza shule nilipoungama. Alikuwa anachambua maharage. Akasema alijua tangu alipoliona fundo. Hapo nikapandwa na hasira, nikamwuliza kwa nini hakupigania gurudumu lake tangu mwanzo, kwa nini alikubali kirahisi hivyo mpaka nikalazimika mimi.

Mama akaendelea kuchambua, kisha akanijibu kwa Kikonzo, polepole. “Mashine niliitaka, Masika. Bega lilikuwa limekwisha. Yule kijana aliniahidi kunifundisha kuiendesha.”

Nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Kila jioni nilimwona akijikanda lile bega, na sikumwuliza hata siku moja.