Tshibola na Firigisi ya Jumapili

Tshibola alitunza vitabu katika klabu ya wafanyakazi wa mgodi kule Kapata, na siku hiyo ya mwaka 1976 alikimbia nyumbani mchana kweupe, kitabu kwapani, kandambili mkononi. Amekipata! Msomi mmoja wa Finlandi, nchi ya barafu, alikuwa ameandika kwamba watoto waliolelewa pamoja tangu udogoni, hata wasipokuwa wa damu moja, wakikua hawatamaniani.

Jumapili alikuwa aozwe Kalombo, aliyelelewa naye tangu wana miaka miwili. Babake Kalombo alikufa kwa homa, na mzee Badibanga, babake Tshibola, alimwahidi marehemu kuwa mwanawe hatakuwa mgeni popote. Mzee hakuona njia ila kumfanya mkwe.

"Tata, soma hapa," alimwambia babake. "Mi na Kalombo tuko ndugu."

"Ule muzungu alikula bukari ya kwetu?"

"Hapana, tata. Lakini anatujua."

Badibanga alirudia ugali wake. Naye Kalombo alinywea. "Tata njo alinilea," alimwambia Tshibola uani. "Mi siwezi kumukatalia."

Jumapili wazee wakaketi. Kwao firigisi ya kuku ni ya mwanamume, mwanamke haigusi. Na mchumba akiila kutoka mkononi mwa binti, maneno yamekwisha. Tshibola alipiga magoti na sahani, uso umemkauka. Kalombo akaichukua firigisi, akaikata vipande viwili kwa mazoea, kikubwa akamtia Tshibola mdomoni. Naye akatafuna! Alikuwa ameshameza alipokumbuka aliko.

Walitazamana, kicheko kikawashinda.

"Munacheka nini?" akauliza Badibanga.

"Tulikuwa tunaiba firigisi yako mu chungu, tata," Kalombo akasema. "Kila Jumapili. Tunakata hivi."

"Na mi nilikuwa nagombeza mama yenu!"

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Basi," akawaambia wazee wenzake. "Hawa ni batoto yangu. Kuleni, muende."

Miaka mitatu baadaye mtu wa Lubudi alikuja kumposa Tshibola, wakakubaliana. Kuku wa kwanza alipoiva, wageni waliuliza kaka wa binti ni nani, maana firigisi ya kuku huyo huliwa na kaka, ishara kwamba amemwachia dada aende. Badibanga alisukuma sahani mbele ya Kalombo, na Kalombo akaila firigisi yote peke yake, huku analia.