Supu ya Mifupa Jikoni kwa Mke Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala kisu. Nilipewa shoka. Mpishi Mkuu wa hospitali ya misheni nilikoajiriwa, upande wa Bondo, alikuwa mtu wa Maragoli mwenye sauti nzito. Alinionyesha mifupa ya ng'ombe juu ya gogo akasema, "Wewe kijana, pasua hizi. Lakini si kama kuni. Pasua kwa kiungo, uboho isimwagike." Uboho ni yale mafuta laini yaliyo ndani ya mfupa, na ndio utamu wenyewe. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni nikidhani upishi ni kazi ya kuonja. Jioni viganja vilikuwa vimetoka malengelenge na supu bado sikuwa nimeiona.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaobomoa kidonge cha supu ndani ya maji moto kisha mnajiita wapishi. Sina ugomvi na nyinyi. Nataka tu mjue kwamba kazi hii ilikuwa na heshima yake, na wenyewe tuliijua.

Mifupa ilichaguliwa. Ya goti ilitupa mnato, ule unaofanya supu ikipoa igande bakulini. Ya paja ilitupa uboho, na ya shingo ilikuja na nyama kidogo. Tuliichemsha kwanza kwa muda mfupi, tukamwaga maji yale machafu, tukaosha kila mfupa, kisha tukaanza upya na maji baridi. Kazi ya kuengua ikafuata, yaani kuondoa povu kwa upawa kila linapopanda. Siku moja Mpishi Mkuu alinikuta nimejaza kuni na sufuria inatokota kwa kishindo.

"Nani amekutuma vita?" akaniuliza. "Ugali ndio unapigana nayo. Supu unaibembeleza."

Akazitoa kuni mwenyewe mpaka uso wa supu ukabaki unatikisika kidogo tu. Tangu hapo sijawahi kuikimbiza supu, na nikimwona mtu anaikimbiza moyo unaniuma.

Mboga nazo ziliingia kwa zamu. Karoti na vitunguu vilitangulia, viazi na malenge vikafuata, na majani yakaja mwisho kabisa: dania, na ile osuga ambayo wenzetu huita managu, yaani mnavu. Osuga ikikaa motoni sana, supu hupata rangi ya maji ya mtaro, na mgonjwa hula kwa macho kwanza. Hilo nilifundishwa na Matroni, mama mrefu aliyekuwa akiingia jikoni kila siku bila kubisha hodi. Alichota, akaonja, akatutazama mmoja mmoja. "Mpishi," aliniambia siku moja, "mgonjwa akikula, dawa inapata mahali pa kukaa." Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikisimama mlangoni kuangalia bakuli zikirudi kutoka wodini. Zikirudi tupu nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Baadaye nikahamia Kisumu, kwenye hoteli moja iliyotazama ziwa. Huko Meneja alitaka supu safi, isiyo na wingu. "Bakuli zangu zina maua chini," alisema. "Mgeni akinywa, nataka aone hiyo maua kabla amalize." Nikajifunza kuchuja kwa kitambaa cheupe, kuiacha ipoe, na kuondoa mafuta yaliyoganda juu. Wageni waliyaona maua. Nilipanda cheo hadi nikawa Mpishi Mkuu mwenyewe, na nikastaafu nikiwa na jina. Hata leo nikipita Kondele kuna mchinjaji ananiita Bwana Supu, na siwezi kusema jina hilo linanichukiza.

Sasa nitawaambia jambo ambalo wengi hawakulijua. Miaka yote hiyo, nyumbani kwangu Kaloleni, hapa Kisumu, sikuwahi kufunua sufuria.

Kwetu jiko ni la mama mwenye nyumba. Mwanamume anayechungulia vyunguni ni mlafi, na akishika mwiko, aibu humwangukia mkewe. Kazini nilivaa aproni na watu wakaniita Mpishi. Nikivuka kizingiti changu nilikuwa Baba Atieno, nikaketi na kungoja kama wanaume wengine. Mke wangu, Mama Atieno, alikuwa akiuza sokoni omena za Usenge, wale dagaa wa ziwa letu, na kwa omena sijaona wa kumshinda. Lakini supu yake, Mungu anisamehe, alikuwa akiiongezea maji kila mgeni alipobisha. Nilikunywa nikanyamaza. Ndoa ni kuvumiliana.

Kisha mwaka huu akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Alirudi nyumbani amekonda, na chakula akakikataa. Akina mama wa kanisa walileta uji, walileta samaki, walileta kuku. Alikuwa akionja kijiko kimoja, akashukuru, akageukia ukutani. Watoto wetu wako mbali na walipiga simu kila siku. Daktari alimpima tena, akaniita kando: "Mzee, kidonda hakifungi kwa sababu huyu mama hakuli. Ikiendelea hivi tutamrudisha wodi." Niliogopa. Sioni aibu kulisema.

Kesho yake nilikwenda Kondele mwenyewe, nikachagua goti na paja, nikaweka sufuria ya mke wangu kwenye jiko la makaa. Nilipoanza kukata vitunguu, sauti ikatoka chumbani.

"Nani huyo anakata haraka hivyo?"

"Ni mimi."

"Baba Atieno, toka huko. Unataka watu waseme nilikukalia chapati?"

Hayo ndiyo maneno ya mtaani kwetu kwa mwanamume aliyerogwa na mkewe kwa chakula. Nikamjibu, "Wacha waseme. Mimi napikia mgonjwa. Hiyo ni kazi yangu."

"Basi funga mlango."

Nikaufunga mlango, nikafunga na dirisha. Nilichemsha, nikamwaga, nikaosha, nikaanza upya. Niliengua povu nikiwa nimeketi kwenye kigoda chake. Siku ya kwanza nilimpa maji ya supu peke yake, yaliyochujwa, na chumvi kidogo. Akanywa nusu kikombe, akaniangalia.

"Hii ndiyo ulikuwa unapikia wazungu?"

"Hii nilipikia wagonjwa."

"Na mimi ulikuwa unanyamazia tu supu yangu." Akacheka mpaka akashika kidonda.

Siku zilizofuata nikaongeza malenge, halafu viazi, halafu osuga. Akawa anamaliza kikombe, kisha bakuli. Lakini mlango ulibaki umefungwa, na mtu akiuliza tulisema shemeji, dadake Mama Atieno, ndiye aliyekuja kupika. Tatizo ni kwamba harufu ya mifupa haifungiwi mlango. Siku moja mchana Mama Nekesa, jirani yetu ambaye habari ikimfikia imefika sokoni, alisukuma mlango akaingia. Alinikuta na upawa mkononi na aproni kiunoni.

"Eh, Mzee. Kumbe ni wewe?"

Nilifungua kinywa kumtaja shemeji. Kabla sijasema nikasikia miguu ikiburuta. Mama Atieno alikuwa ametoka chumbani mwenyewe, mkono ukutani, kitenge begani. Hakuwa ametembea hatua hizo bila kushikwa tangu arudi. Akajiketisha mezani taratibu.

"Ndiyo, ni yeye," akasema. "Mume wangu ndiye ananipikia. Fungua huo mlango vizuri, Mama Nekesa, joto imezidi. Halafu ukae."

Mama Nekesa akaufungua mlango hadi mwisho, mtaa wote ukawa unatuona. Nikampakulia mke wangu, kisha jirani, kwa mikono miwili kama mgeni. Mama Nekesa alikunywa, akapuliza, akanywa tena, akainamisha bakuli hadi tone la mwisho.

Nimepikia watu wengi, nyinyi vijana, na nilishapewa mikono na saa ya ukutani siku ya kustaafu. Mimi ni mpishi na najivunia. Lakini sikumbuki bakuli lililonipa fahari kama lile alilosogeza mke wangu mbele ya jirani.

"Ongeza," akaniambia. "Na usiweke maji."