Kumngoja Baba Mwali kwa Kompyuta

Majirani zangu wa Magomeni, hapa Mtwara, walipoona nimesimamisha antena juu ya bati, walidhani nimepata njia ya kutazama mpira bila kulipia king'amuzi. Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, na mmoja alikuja na kiti chake kabisa. Niliwaeleza kwamba mimi nasikiliza meli. Yule mwenye kiti alinitazama kwa huruma, akabeba kiti chake akaondoka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Singida niliyeletwa Mtwara na barua ya uhamisho, na uraibu wangu ndio huu. Meli ya mizigo inayopita pwani hutangaza kwa redio, hadharani, iko wapi, inaelekea wapi na kwa mwendo gani. Ukiwa na kipokezi kidogo cha ukubwa wa flashi na programu za bure, unayanasa matangazo hayo na kuyasimbua yakawa maneno na nukta kwenye ramani. Shida ni kompyuta yangu. Ni kongwe, ukiipa kazi ya kunasa na kusimbua kwa pamoja inaganda. Kwa hiyo kwanza narekodi. Halafu nafungua rekodi kwenye programu inayochora mawimbi kwa mistari ya rangi, nakata vipande vyenye sauti za meli, navipeleka kwenye programu nyingine inayosimbua. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko rekodi yenyewe. Mke wangu husema nimenunua mtambo wa kujua habari za zamani. Linaniudhi kwa sababu ni kweli.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kimakonde ambaye mumewe ni mpishi kwenye meli ndogo inayopeleka saruji Komoro. Likizo ya Desemba binti yao alikuwa unyagoni, akifundwa na makungwi, na siku ya kumtoa mwali ikafika baba akiwa hajarudi. Simu yake ilikuwa haipatikani. Kwenye ramani za mtandaoni meli yao ilikuwa imeganda karibu na Moroni, kule Komoro, mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Mjomba alikuwepo, na kwa Wamakonde mjomba ni mtu mzito, angeweza kusimama badala ya baba. Lakini baba alikuwa amemwahidi binti kwamba atamfunika khanga kwa mkono wake mwenyewe, na binti akawaambia makungwi kuwa hatoki ndani mpaka baba yake aje. Makungwi hawakufurahi. Wali ulikuwa jikoni na ngoma zimeshaoteshwa moto. Walitoa muda mpaka adhana ya alasiri, basi.

Asubuhi ile mama mwali alikuja barazani kwangu.

"Mwalimu, huo mtambo wako unaweza kumwona mume wangu?"

Nikafungua rekodi ya alfajiri. Meli ikatokea na jina lake, nikafurahi mno, halafu nikasoma mahali panapoandikwa inakokwenda: Moroni. Mama mwali alisoma pamoja nami. Aliketi kwenye ngazi akajifunika uso kwa mtandio. Nikarudi kuzitazama nukta, na kila nukta mpya ilikuwa karibu zaidi na sisi. Mahali na mwendo hutangazwa na mitambo yenyewe, lakini jina la bandari huandikwa na mtu kwa mkono, na mtu huyo alikuwa amesahau kulibadilisha. Meli ilikuwa inarudi nyumbani. Nilipiga hesabu nikamwambia mumewe atawahi alasiri. Alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakimbia kuwaambia wenzake.

Hapo nikawa nimejitia kitanzi. Uani hakukuwa na mtu asiyejua kwamba mwalimu amesema anakuja. Nilirekodi, nikakata, nikasimbua, umeme ukakatika, nikaendelea na betri. Kungwi mkuu alisimama mlangoni akauliza yuko wapi sasa. Nikamjibu kwamba ya sasa sijui, najua ya saa nne. Alisonya akaondoka, na kwa kweli nilimwelewa.

Adhana ya alasiri ilinikuta nasimbua rekodi ya saa sita. Nukta ilikuwa bado nje ya ghuba. Nilimfikiria yule binti ndani, amevalishwa, anasikiliza kila mlango unaofunguliwa, nikaona aibu na uchungu kwa pamoja.

"Bado yuko baharini," nikasema niliposikia hatua barazani, bila kuinua kichwa.

"Nani?" akauliza mwanamume nyuma yangu.

Niligeuka. Alikuwa na begi begani, ananuka dizeli na vitunguu, ameinama kutazama kioo.

"Wewe," nikamjibu.

Alisema simu yake ilizama Moroni, na hakungoja nimweleze zaidi. Alitoa khanga kwenye begi, bado ina mikunjo ya dukani, akavua viatu akaingia kwake. Ngoma zikalia. Binti alitoka chini ya khanga, mkono wa baba ukiwa kichwani pake, analia, na baba analia kumshinda yeye. Mimi si mtu wa machozi, lakini siku ile yalinitoka. Mezani kwangu mpishi alikuwa bado baharini, nje ya ghuba, anakuja polepole.