Hodi Ndani ya Gitaa

Mwaka 2007 nyumbani kwetu Nakuru kulikuwa na ugomvi mmoja tu wa maana: gitaa la umeme lirekodiwe vipi. Mimi nilitaka waya utoke kwenye gitaa uingie kompyuta moja kwa moja, sauti ije safi. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mpigaji, alisema hiyo ni sauti ya nyuki aliyefungiwa chupani. Yeye alitaka maiki iwekwe mbele ya spika, na chumba nacho kisikike. Nilishindwa, na namshukuru Mungu, maana bila hivyo mama asingebaki na chochote cha rafiki yake.

Chumba chenyewe kilikuwa sebule ya mabati, kuku nje, mama jikoni. Lakini mkubwa ni mkubwa. Tulifunga maiki kwenye mwiko kwa kamba ya tyubu ya baiskeli, mwiko tukaubana katikati ya matofali mawili. Mama aliusaka mwiko wake mpaka akakata tamaa, akasonga ugali kwa kijiko.

Kaka alipiga vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa hata sipumui. Wimbo ukiwa katikati, jirani yetu, ambaye yeye na mama walikuwa chanda na pete, akafika mlangoni na viazi vyake vya Dundori.

"Hodi! Hawa watoto watatutoboa masikio."

Kwetu hodi haiachwi ikining'inia, hata nyumba ikiungua. Kaka, vidole vikiwa mbioni, akaitika, "Karibu, mathe," akaendelea kupiga. Nilikasirika nusura nilie. Kesho yake tukarekodi upya kwa waya, na hiyo safi ndiyo tuliyowagawia watu. Ile ya maiki ilibaki bila kufutwa kwa sababu ya uvivu tu.

Januari iliyofuata, mji ulipochafuka baada ya uchaguzi, jirani alipakia magodoro kwenye lori akaondoka na watu wake bila nafasi ya kuaga. Simu yake ikawa mteja hapatikani, mteja hapatikani, kila tukipiga. Mama alimuulizia sokoni, kanisani, hata kwa waliotoka kambi ya wakimbizi. Kilichomuuma zaidi, aliniambia, ni kwamba sauti ya mwenzake ilikuwa imeanza kumtoka kichwani.

Ndipo nikakumbuka ile rekodi. Nilimkalisha mbele ya kompyuta, nikaicheza. Hodi ilipofika, alijifunika mdomo kwa leso. Akaniomba nirudie, nikarudia, akaomba tena.

"Sasa punguza hiyo gita," akasema. "Nataka nimsikie vizuri."

Nilimweleza kwamba haiwezekani, vyote viliingilia maiki moja, nikipunguza gitaa na yeye anapungua. Mama akasogeza kiti, akaegemeza sikio kwenye spika.

"Basi iwache," akasema. "Lakini mwambie kaka yako apige polepole, tuna mgeni."